Mwaka Unaozunguka Darasa: Mtoto wa Awali na Mazingira ya Kitai

Septemba, kiangazi kikiwa kimekaza na mvua haijaonekana kwa miezi mingi, miombo ya Kitai, mkoani Ruvuma, huanza kutoa majani mapya. Hayatoki yakiwa ya kijani. Hutoka mekundu, mengine ya rangi ya shaba, na kwa wiki kadhaa pori lililo kando ya barabara ya Songea kwenda Mbinga hung'aa kwa wekundu huo kabla ya kugeuka kijani. Wakati huohuo maganda ya mbegu yaliyokaukia mitini hupasuka kwa mlio mkali na kurusha mbegu mbali. Mvua ya kwanza bado, itakuja Novemba. Mtoto wa miaka mitano anayepita hapo kwenda shule huyaona haya yote, huisikia milio ile na kuyaokota maganda. Akifika darasani anakaa kwenye mkeka, na mara nyingi hakuna anayemuuliza ameona nini njiani.

Katika nchi za kaskazini ya dunia, walimu wa chekechea husubiri Machi na Aprili, theluji inapoyeyuka, ili wawatoe watoto nje wakaone machipukizi, viluwiluwi na vipepeo. Vitabu na picha za ukutani zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto hao zimefika mpaka kwetu. Zipo shule, hasa za binafsi za mijini, ambako mtoto hukariri majina ya majira manne asiyoyaishi huku akikosa maneno ya kueleza majira anayoyaishi. Kwenye shule za umma vijijini tatizo ni jingine: mazingira yanafundishwa kwa michoro ya ubaoni, ilhali yenyewe yapo nje ya mlango.

Hoja ya uchambuzi huu ni moja. Kitai ina majira yake ya kuchipua, ya kuvuna na ya kupumzika, na darasa la awali litafundisha mazingira vizuri pale tu litakapoupanga mwaka wake kwa kufuata mvua, miti, mashamba na mito ya hapo. Sera inaruhusu. Wazee wanao ujuzi. Kinachokosekana ni mpango, muda na imani ya wazazi kwamba kumtoa mtoto nje ni kumfundisha.

Sera inasemaje

Elimu ya awali iliingizwa rasmi katika mfumo wa elimu kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995. Sera ya 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja, na tangu Januari 2016 shule za umma zikaacha kutoza ada. Mtaala wa Elimu ya Awali wa 2016 ulijengwa juu ya umahiri wa aina sita: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za awali za kihisabati na kumudu stadi za kisanii. Mtaala ulioboreshwa ukaanza kutumika Januari 2024, na mazingira yamebaki ndani yake. Desemba 2021 serikali ilizindua pia programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayotambua kwamba miaka ya kwanza ya uhai ndiyo inayojenga ubongo, lugha na tabia.

Kwa hiyo mwalimu wa awali wa Kitai anayewapeleka watoto chini ya mti hakiuki chochote, anatekeleza mtaala. Mtaala wenyewe unahimiza kujifunza kwa michezo na kwa kutumia kona za ujifunzaji, zikiwamo kona za sayansi na mazingira. Lakini mtaala wa taifa hauwezi kumwambia mwalimu wa Mbinga ni wiki gani matunda pori ya masuku yanaiva. Unatoa mada, na mwalimu ndiye anayezipangia wakati. Mada ya mimea ikifundishwa Julai kwa sababu tu ndipo zamu yake ilipoangukia kwenye andalio, nyasi zimeshakauka na mahindi yameshavunwa. Ikifundishwa Oktoba, pori zima ni kifaa cha kufundishia na halihitaji hela.

Mazingira si fagio peke yake

Katika shule zetu nyingi neno mazingira humaanisha usafi: kufagia uwanja, kuokota karatasi, kumwagilia maua na kupanga mawe yaliyopakwa chokaa kando ya njia. Usafi ni jambo jema na watoto waufundishwe. Kosa linatokea pale unapogeuzwa kuwa somo zima. Mtoto anahitimu akijua kwamba kutunza mazingira ni kuondoa vitu juu ya ardhi, na hajawahi kuuliza ardhi yenyewe inahitaji nini.

Uwanja unaofagiliwa kila asubuhi, mwaka mzima, hubaki udongo mtupu. Majani yaliyodondoka yanaondolewa, nyasi zinang'olewa, mizizi ya miti inaanza kuonekana. Mvua ya kwanza ya Novemba ikipiga, maji hayana cha kuyazuia. Yanachimba vijito kuelekea barabarani na kuondoka na udongo wa juu, ule wenye rutuba. Mwalimu anaweza kulionyesha hilo kwa urahisi. Aache pembe moja ya uwanja bila kufagia kwa muhula mmoja, nyasi na majani yabaki, kisha mvua inyeshe. Watoto watatoka na kuona wapi maji ni mekundu na wapi ni meupe, wapi udongo umechimbika na wapi umetulia. Hapo dhana ya mmomonyoko inaingia kichwani kabla hawajajua kuliandika neno hilo.

Kalenda mbili

Mwaka wa shule wa Tanzania huanza Januari. Muhula wa kwanza huisha mwanzoni mwa Juni, wa pili huanza Julai na kufungwa mwanzoni mwa Desemba. Mwaka wa mvua wa Ruvuma ni tofauti: kuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na kiangazi kirefu kinachofuata. Mtoto anaanza awali katikati ya mvua na kumaliza mvua nyingine inapoanza. Kalenda hizi mbili zikiwekwa pamoja, zinatoa ratiba ya mazingira ya mwaka mzima.

Januari hadi Machi ni wakati wa maji. Madimbwi yamejaa, mahindi yanarefuka, uyoga unachomoza porini. Mwalimu akikata chupa ya plastiki na kuiweka wazi mahali pasipo na paa, ana kipima mvua. Watoto hupaka rangi mstari mahali maji yalipofika kila asubuhi, na hesabu ya zaidi na pungufu imeanza. Uyoga nao una somo kubwa. Uyoga mwingi wa kuliwa unaoota kwenye miombo huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti hiyo: kuvu huusaidia mti kupata maji na madini, mti nao huilisha kuvu sukari. Miombo ikikatwa, uyoga ule hauoti tena. Mtoto anayeona nyanya yake akirudi na kikapu cha uyoga anaweza kuelewa kwamba kikapu kile kimetoka kwenye mti, na pia akafundishwa asile uyoga wowote ambao mtu mzima hajauthibitisha.

Februari, chukua chupa pana, chota maji kwenye dimbwi lililo nyuma ya darasa, funika kwa kipande cha chandarua chakavu. Mara nyingi utakuwa umekamata viluwiluwi wa aina mbili. Wa chura ana kichwa kikubwa na mkia; anazunguka akikwangua ukoga kwenye kuta za chupa. Wa mbu ni mwembamba. Wa jamii nyingi za mbu hung'inia kichwa chini, ncha ya mkia ikigusa uso wa maji ili apate hewa. Wale wa mbu anayeambukiza malaria hulala sambamba na uso wa maji. Gusa chupa, wote wa mbu watajikunjakunja na kukimbilia chini. Watoto wakitazama kila siku, ndani ya wiki moja au mbili wataona mbu akitoka kwenye ganda lake na kugonga chandarua akitafuta njia. Wa chura atachelewa sana: kwanza miguu ya nyuma, kisha ya mbele, kisha mkia unafupika. Mwisho chura anarudishwa dimbwini, na maji yenye viluwiluwi wa mbu yanamwagwa juu ya mchanga mkavu. Chupa moja imefundisha makuzi ya viumbe, afya, uvumilivu wa kutazama na sababu ya kufukia madimbwi karibu na nyumba.

Aprili hadi Juni mvua inakatika na baridi inaingia. Nyasi zinatoa mbegu, na mbegu hizo huganda kwenye soksi na sketi za watoto. Zikusanywe, zipangwe kwa umbo: zenye ndoano, zenye manyoya, za mviringo. Hapo mtoto anajifunza jinsi mmea usio na miguu unavyosafiri, na anafanya kazi ileile ya kuainisha ambayo hesabu ya awali inaidai. Nyumbani mahindi yanavunwa na kupukuchuliwa. Punje zinahesabika, magunzi yanapimwa kwa urefu.

Julai hadi Septemba ni wakati wa kahawa milimani, wa majani kudondoka na wa moto. Nyasi ndefu zilizokauka huwaka kirahisi, na moto huwashwa kwa ajili ya kusafisha mashamba, kutafuta malisho au kuwinda panya. Mtoto wa awali hawezi kuuzuia moto wa watu wazima, na si haki kumbebesha mzigo huo. Anaweza kutazama. Sehemu iliyoungua na isiyoungua zikiwa jirani, watoto wahesabu wadudu, waguse udongo, watafute kivuli. Watakachokisema wenyewe kitatosha.

Septemba hadi Novemba ni majira ya kuchipua, na hapa mwalimu wa Kitai ana utajiri ambao wenzake wengi duniani wangeutamani. Majani mekundu yanatoka bila mvua kwa sababu mizizi ya miombo imekwenda chini na mti umehifadhi maji. Rangi nyekundu hulikinga jani changa na jua kali mpaka likomae. Watoto wachague tawi moja, walifunge uzi, na kila Jumatatu wachore rangi ya jani lake. Nyenje wanalia mchana kutwa. Masuku yanaanza kuiva, na mbegu zake zikioshwa na kukaushwa zinakuwa vihesabio vya darasa zima. Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi wanatoka ardhini kwa maelfu, wanaruka, wanadondosha mabawa na kutembea wawiliwawili wakitafuta mahali pa kuanzisha kichuguu. Watoto watakimbilia kuwakamata wakale, nao wana haki. Mwalimu awaombe wabakize wachache kwenye kopo, wayatazame mabawa manne yaliyo sawa kwa urefu, kabla ya kukaangwa.

Kalenda hizi mbili zina mgongano mmoja unaogeuka kuwa nafasi. Wakati wa kupanda ni Novemba na Desemba, shule zinapofungwa. Darasa linaloondoka lipande mahindi na maharage kwenye kitalu chake wiki za mwisho, ili watoto wapya wa Januari wakute mimea iliyopandwa na waliowatangulia. Nao wataivuna, na mwisho wa mwaka watawapandia watakaofuata.

Miti nayo inahitaji kalenda ya hapa. Taifa huadhimisha Siku ya Upandaji Miti tarehe 1 Aprili. Mikoa ambayo masika yake huanza Machi na kuendelea hadi Mei inafaidika na tarehe hiyo. Kitai, mche uliopandwa 1 Aprili una wiki chache tu za mvua kabla ya kiangazi cha miezi sita. Shule ipande Januari, mara watoto wanapofungua. Tena isisahau kwamba miombo iliyokatwa hurudi yenyewe kupitia visiki vyake. Mkoani Dodoma, mpango wa Kisiki Hai umewafundisha wakulima kuchagua machipukizi bora ya kisiki na kuyatunza badala ya kutegemea miche pekee. Shinyanga, mradi wa HASHI ulioanza 1986 ulirudisha miti kwenye maelfu ya hekta kwa kuzifufua ngitili, njia ya jadi ya Wasukuma ya kuhifadhi malisho. Kila darasa la awali la Kitai linaweza kuwa na kisiki chake, kikapimwa kwa kimo cha mtoto kila muhula.

Ngoro, mto na ziwa

Kitai iko mahali barabara ya lami itokayo Songea inapoachana na ile inayoelekea Ruanda, Lituhi na Ndumbi kwenye Ziwa Nyasa. Ukiendelea na lami nchi inapanda kuingia milima ya Umatengo: Mbinga mjini, Mapera, Litembo, Maguu. Huko ndiko kwenye kilimo cha ngoro, ujuzi wa ardhi ulioupa mkoa huu jina mbele ya wanasayansi. Wamatengo waliosongamana milimani katika karne ya 19, kwa kukimbia vita vya Wangoni, walilazimika kulima miteremko mikali bila kuipoteza. Mwisho wa mvua nyasi hufyekwa na kuachwa zikauke, kisha hupangwa kwa mistari inayokatana mpaka zitengeneze viraba. Udongo huchimbwa katikati ya kila kiraba na kutupwa juu ya nyasi. Mlima wote unabaki na mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, msimu unaofuata mahindi. Nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea, na mashimo huyakamata maji na udongo. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga, wanawake huchimba na kupanda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani walifika miaka ya 1990 kuuchunguza mfumo huu, wakauthibitisha kuwa kinga madhubuti ya udongo.

Mtoto wa awali hahitaji kusomewa matokeo ya utafiti. Anahitaji ngoro moja ndogo. Mwalimu amwalike bibi au babu wa kijiji, watoto wamwamkie shikamoo, kisha wamtazame akitengeneza viraba vinne kwenye tuta la udongo la urefu wa goti. Kando yake liwepo tuta jingine la mteremko uleule, lisilo na kitu. Watoto wamimine maji kikombe kimoja kimoja juu ya yote mawili na kuweka sahani chini. Sahani ya mteremko mtupu itajaa tope. Sahani ya ngoro itapata maji machache na masafi zaidi. Mzee aulizwe maswali na watoto wenyewe, naye awajibu kwa lugha wanayoielewa. Siku hiyo mzee ni mwalimu, na watoto wanaona kwamba elimu haikuanzia ubaoni.

Tope lile lina safari, na mwalimu asiishie kwenye sahani. Mito ya nyanda za Umatengo hugawanyika: mingine hushuka kwenda Ruvuma, mto ambao chanzo chake ni milima ya Matogoro karibu na Songea, mingine, kama Ngaka, huingia Ruhuhu na kuishia Ziwa Nyasa. Ziwa hilo, la tatu kwa ukubwa Afrika, lina kina cha takriban mita 700 na aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani. Mbasa, samaki anayependwa sana pwani ya Nyasa, hupanda mitoni kutaga mayai, na Ruhuhu ni mmojawapo wa mito hiyo. Mayai yanataka maji safi na changarawe. Udongo unaoporomoka mlimani unafunika changarawe hiyo, na uvuvi wa nyavu kwenye midomo ya mito unamalizia kazi. Mbasa sasa yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Kwa hiyo mkulima wa Litembo anayechimba ngoro vizuri anamlinda samaki wa Lituhi ambaye hajawahi kumwona.

Wilaya ya Nyasa ilitengwa na Mbinga mwaka 2012, lakini maji hayakutengwa. Ingefaa shule za Kitai na za mwambao zibadilishane: za ziwani zipeleke usipa mkavu, magamba na mchanga, za bara zipeleke mbegu za miombo, maganda na udongo wa rangi mbalimbali. Mtoto akishika mkononi kitu kilichotoka upande wa pili wa mto, ameanza jiografia.

Kuna pia jiwe jeusi. Makaa ya mawe ya Ngaka, kata ya Ruanda, yalianza kuchimbwa na kampuni ya Tancoal mwaka 2011, na tangu hapo malori yamekuwa sehemu ya maisha ya Kitai. Mtoto anayaona, anavuta vumbi lake, na huenda mzazi wake anapata riziki humo. Somo la mazingira lisilogusa malori hayo litakuwa linakwepa ukweli. Mwalimu awaonyeshe kipande cha makaa ya mawe na kipande cha mkaa wa mti, awaambie kwamba vyote vilikuwa mimea, kimoja mwaka jana na kingine kabla ya binadamu kuwapo duniani. Awafundishe pia kusimama upande upi wa barabara, kunawa uso wafikapo shuleni na kuona vumbi lilivyokaa kwenye majani ya miti ya kandokando. Haya ni mazingira yao halisi.

Ruvuma iliwahi kujaribu

Friedrich Fröbel, mwasisi wa chekechea, alipofungua shule yake ya watoto wadogo kule Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, alimpa kila mtoto kipande cha bustani. Mawazo hayo hayakuwa mageni kwa Ruvuma. Miaka ya 1960 vijiji vya Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, vilivyoongozwa na watu kama Ntimbanjayo Millinga, vilianzisha shule yao Litowa, wilayani Songea, chini ya mwalimu mkuu Suleiman Toroka. Shamba, kijiji na darasa vilikuwa kitu kimoja, na watoto walijifunza hesabu na sayansi kutokana na kazi waliyoiona na kuishiriki. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea uliozitaka shule za nchi nzima zijifungamanishe na maisha ya vijiji. Chama cha Ruvuma kilivunjwa Septemba 1969, na shule ya Litowa ikapoteza uhuru wake wa kupanga mambo.

Yaliyofuata nchini yanatoa onyo. Shamba la shule likawa, mahali pengi, chanzo cha chakula na fedha za shule, na watoto wakawa nguvu kazi. Jembe lilibaki, swali likaondoka. Darasa la awali likirudi shambani lazima lirudi na swali kwanza: kwa nini mche huu umenyauka na ule haukunyauka? Mtoto wa miaka mitano asitumwe kubeba maji kwa saa nzima, na ngoro yake iwe ya kujifunzia. Mfano wa karibu zaidi wa roho hiyo ni mpango wa vijana wa Roots & Shoots, ulioanzishwa na mtafiti wa sokwe Jane Goodall pamoja na wanafunzi jijini Dar es Salaam mwaka 1991 na kuenea duniani. Ulianza kwa vijana kueleza wanayoyaona yakiharibika kwao na kuamua wenyewe watende nini.

Vikwazo vya kweli

Cha kwanza ni idadi. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Shule nyingi za umma huvuka kiwango hicho kwa mbali, na nyingine huwachanganya watoto wa awali na darasa la kwanza. Mwalimu mmoja hawezi kuwapeleka watoto sitini porini. Anaweza kuwagawa: kundi moja nje chini ya mti ulio mbele ya dirisha, likiwa na mzazi wa kujitolea, mengine kwenye kona za ndani, kisha wabadilishane. Kipindi cha awali ni dakika 20, muda unaotosha kutazama kitu kimoja vizuri.

Cha pili ni usalama. Kuna nyoka, nyuki na moto. Mwambao wa ziwa una kichocho, na watoto wasiingizwe kwenye maji yaliyotuama yenye konokono na magugu. Njia ya kutembea ikaguliwe na mtu mzima kwanza. Sheria ziwe chache na zirudiwe kila siku: tunatazama kwa macho, tunagusa kwa ruhusa, tunanawa mikono turudipo.

Cha tatu ni lugha. Watoto wengi wa Mbinga hufika shuleni na Kimatengo au Kingoni, na majina ya nyasi, wadudu na uyoga wanayajua kwa lugha hizo. Mwalimu kutoka mkoa mwingine huenda hana hata jina moja. Kiswahili ndicho cha kufundishia, na kitabaki. Lakini mtoto anayetaja jina la mti kwa lugha ya nyumbani ameleta maarifa. Mwalimu alipokee, alifikishe kwenye Kiswahili, na aandike yote mawili kwenye chati ya darasa. Baada ya miaka mitatu chati hiyo itakuwa hazina ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha kiada.

Cha nne, na kizito zaidi, ni matarajio ya wazazi. Mzazi anauliza mtoto ameandika nini leo. Akiambiwa ametazama viluwiluwi, anahisi siku imepotea. Wapo pia wasemao kwamba mtoto wa mkulima anayajua mazingira tayari. Anayajua, ndiyo, kama anavyojua kuongea kabla ya kusoma. Shule inamwongezea kulinganisha, kupima, kuuliza sababu na kueleza kwa mpangilio, na hiyo ndiyo mizizi ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto aliyepanga mbegu kwa ukubwa ameshafanya hesabu. Aliyesimulia jinsi mbu alivyotoka kwenye ganda ameshatunga habari. Mwalimu awaite wazazi mara moja kila muhula, watoto wenyewe wawaonyeshe na kuwaeleza. Hakuna hotuba itakayowashawishi kuliko hiyo.

La kufanya sasa

Walimu wa awali wa kata zinazopakana wakutane kabla ya Januari, waiweke mihtasari mezani pamoja na kalenda ya mvua, na wazipange upya mada za mazingira mwezi kwa mwezi. Halmashauri za Mbinga na Nyasa ziwape ruhusa ya maandishi na siku moja ya mafunzo kila mwaka, wakufunzi wakiwamo wazee wa ngoro, wavuvi na maofisa misitu. Kamati za shule ziache kipande cha uwanja bila kufagiliwa na kipande cha pori bila kukatwa. Wazazi waulize swali jipya jioni: umeona nini leo?

Tanzania ina hekta milioni 48 hivi za misitu, kwa tathmini iliyochapishwa 2015, na sehemu kubwa ni miombo kama hii ya Kitai. Watakaoamua kama itabaki wameketi leo kwenye mikeka ya madarasa ya awali, na mwaka mmoja wa lazima wa elimu hiyo hupita upesi. Mwalimu, Oktoba ijayo majani mekundu yakitoka, fungua mlango uwatoe watoto nje.